Chombo Nilichokichoma Umoja

Nilifunga safari kwa sababu Nafula, binti yangu, hakuwa amekanyaga nyumbani Bungoma tangu tumzike mama yake. Simu alikuwa akipokea, lakini mazungumzo yetu yalibaki mvua na mahindi tu. Nilitaka kujua kama bado nina mtoto.

Ijumaa alfajiri basi liliondoka. Kuanzia Eldoret nilikuwa nafanya mazoezi ya nitakachomwambia, na kufika Nakuru nilikuwa nimekisahau chote.

Jioni nikafika kwake, mtaa wa Umoja jijini. Alinipokea vizuri, akanipikia ugali kwa kuku. Kisha tukakaa kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari.

Asubuhi ya Jumamosi aliwasha kompyuta. Siku asizoenda kazini hucheza mchezo wa kuendesha chombo cha anga. Nikamwomba anifundishe, maana hapo angalau angesema. Na alisema kweli. Injini na silaha hutoa joto, akaeleza, na kule angani hakuna hewa ya kulipoza. Hutolewa na rejeta, kama ya gari, ila hizi hung'aa na adui akakuona. Ukizifunga huonekani, lakini joto lote unabaki nalo ndani.

Saa nne nikashika usukani, na maadui wawili wakatokea. Mimi ni mchoma matofali wa miaka mingi. Tanuri likishika moto, kazi yangu ni kuziba kila ufa kwa udongo. Nikafunga rejeta zote, nikatulia, nikijisifu kimoyomoyo. Maadui wakapita bila kuniona. Kipimo cha joto kikapanda, king'ora kikalia, nami sikufungua kitu. Chombo kikateketea na mzee wa watu ndani.

Nafula alicheka akishika mbavu. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Baba, walikuwa washaenda. Si ungefungua tu?"

Nikaona aibu, wala si ya kushindwa mchezo. Humwita Mayi, yaani mama kwa lugha yetu, kwa kuwa ana jina la mama yangu.

"Mayi, mama yako alipofariki kabla hujafika, sikukulaumu. Niliogopa kulia mbele yako, ndiyo maana sikukutazama pale mazishini."

"Mimi nilijua umenikataa," akasema.

Tukalia wote wawili, chai ikapoa mezani.

Jumapili nilirudi Bungoma, na kiti cha dirishani kando yangu alikikalia Mayi. Nilichojifunza ni kidogo: kuziba kunafaa matofali. Mwanangu, afadhali anione nikilia.