Vitabu vya Koti la Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni, sindano nene na kitabu kipya kabisa, nikaambiwa nikivunje mgongo. Nilidhani napimwa adabu. Kwetu nyumbani kitabu kilikaa sandukuni pamoja na Biblia na vyeti vya ubatizo, na mtoto aliyekikunja pembe alikula kiboko. Nikabaki nimesimama, nimekishika kwa mikono miwili.

"Vunja, Mama," Mkutubi Mkuu aliniambia. "Usikionee huruma. Hicho bado si kitabu."

Hiyo ilikuwa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika maktaba ambayo sitaitaja kwa sababu baadhi ya wakubwa wake bado nasalimiana nao kanisani. Nyinyi vijana mnaoniuliza kujalidi vitabu ilikuwa kazi gani, kaeni basi niwaeleze, na hizo simu wekeni kando.

Vitabu vilitufikia kwa makasha kutoka ng'ambo. Vilikuwa vile vitabu vikuu vya dunia: riwaya za kale, tamthilia, vitabu vya sayansi vya watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, vyote vimechapwa upya kwa jalada laini, karatasi nyepesi na picha ya rangi mbele. Vya kupendeza kweli. Lakini kurasa zake hazikushonwa, zilipakwa gundi tu upande wa mgongo, na hewa ya ziwa haina urafiki na gundi ya namna hiyo. Asubuhi inalainika, mchana joto linaikausha, na baada ya muda si mrefu kitabu kinaanza kutema kurasa mapajani mwa msomaji.

Kwa hiyo sheria ya maktaba ilikuwa moja: kitabu cha jalada laini hakiazimwi mpaka kipite chumbani kwangu. Nilikivua jalada, nikakwangua gundi ya kiwandani, nikatoboa kurasa kando ya mgongo na kuzishona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Huko tulikuita kushona pembeni. Kisha kitabu kililazwa kwenye shinikizo, ile mashine ya chuma yenye mkono wa kuzungusha, kikalala humo mpaka kesho. Mwisho kilivikwa kadibodi na kitambaa kigumu cha kijani, na mgongoni nikapiga namba kwa rangi ya dhahabu. Namba tu. Jina la kitabu lingekula dhahabu nyingi, na Mkutubi Mkuu alikuwa mchoyo wa dhahabu kuliko sonara. Yale majalada ya rangi tuliyatumia kuwashia jiko la kupikia gundi.

Mkutubi Mkuu huyo wa kwanza alikuwa mwalimu wa zamani, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alipenda kukiangusha sakafuni kitabu nilichomaliza, akakiokota, akakitikisa. Kisipotoa hata ukurasa mmoja alicheka peke yake. "Hiki kitatuzika sote, Mama," alikuwa akisema. Nilijivuna sana, sitawadanganya. Nilivishona vitabu hivyo miaka mingi na wala sikusoma hata kimoja. Nani ana nafasi ya kusoma na gundi iko jikoni inachemka?

Alipostaafu tukaletewa Mkutubi Mkuu wa pili, kijana wa Murang'a, mpole wa sauti na mwepesi wa kuhesabu. Wiki yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi. Alipita rafu hadi rafu akifungua vitabu mwishoni, pale inapobandikwa karatasi ya tarehe, ile inayopigwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Alipofika kwenye rafu yangu ya kijani akakaa kabisa sakafuni. Nikajua kuna maneno.

"Mama, hivi vitabu ni safi sana," alisema.

"Asante, Bwana."

"Sikusifu. Ni safi kwa sababu hakuna mtu ameviguza. Karatasi za tarehe ni tupu. Watu wa hapa hawataki vitabu vya aina hii. Likizo ya shule ikiisha navitoa, viuzwe kwa kilo, tuweke vitabu vya mitihani."

Yawa! Mnajua kuuzwa kwa kilo ni nini? Ni kwenda sokoni kufungia njugu. Kazi yangu yote tangu nilipovaa aproni ile ilikuwa kwenye rafu hiyo moja, na kitabu kisichoshonwa vizuri hakikuwemo. Nikamwomba anipe hiyo likizo nijaribu kuviokoa. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia ndugu wa mgonjwa, akasema sawa.

Sasa kujaribu nini, sikujua. Aliyenifungua macho ni Ouma, mchoraji wa mabango kutoka Manyatta. Vinyozi, hoteli, maduka ya dawa, nusu ya kuta za mtaa ule zilikuwa mkono wake. Alikuja kila siku kusoma gazeti bure. Nilimkuta mezani nikamuuliza waziwazi: wewe uko humu kutwa, mbona huazimi vile vya kijani?

"Vile?" Akaangua kicheko mpaka watu wakageuka. "Mama, mimi nilidhani ni vitabu vya korti. Vyote vimevaa sare kama askari kanjo! Nitajuaje ndani kuna nini? Mtu akifungua kinyozi bila picha ya kichwa ukutani, nani ataingia?"

Lilinichoma hilo, kwa sababu lilikuwa kweli na lilisemwa na mtu aliyekuwa ameegemeza viatu vyake vilivyojaa rangi kwenye kiti chetu. Nikamwambia basi wewe utanichorea majalada mapya. Alikubali kwa sharti moja: gazeti la Jumapili akabidhiwe yeye kwanza. Tukapeana mikono.

Kumbe shida ndiyo kwanza inaanza. Nilimpa karatasi ya manila na kitabu, naye akakirudisha kwangu. "Hiki kinahusu nini?"

"Si usome!"

"Mama, mimi nachora. Daktari wa meno aliniambia amefungua kliniki ya meno, nikachora jino. Wewe niambie, nichore."

Ndivyo nilivyoanza kusoma. Nilisoma mchana kwenye stuli yangu karibu na shinikizo, kamusi magotini. Kiingereza chake kilikuwa kigumu na cha kizamani, na mishono yangu mwenyewe ilinisumbua, maana kitabu kilichoshonwa pembeni hakikubali kulala wazi, kinataka kushikwa kwa nguvu kama mbuzi anayechinjwa. Kulikuwa na riwaya ya mama mmoja aliyeolewa akachoka, na nilipofika katikati nilikuwa namgombeza kwa sauti. Kulikuwa na kitabu cha sayansi kuhusu viumbe na jinsi wanavyonyang'anyana chakula. Hicho nilimsimulia Ouma kwa dakika chache tu, naye akachora mbuta, samaki mkubwa mla wenzake, kinywa wazi, akimfuata ngege mdogo kwenye maji ya kijani. Wavuvi wetu walikuwa wakilalamikia jambo hilohilo kila siku.

Tamthilia ya mfalme dhalimu ndiyo ilitaka kutuponza. Ouma alimchora bwana mnene, kifimbo mkononi, na kichwani kofia ya chifu. Mkutubi Mkuu akaiona, akafunga mlango.

"Huyu ni nani?"

"Mfalme wa zamani, Bwana."

"Mfalme wa zamani na kofia ya serikali? Mama, unataka tulale wapi leo? Mtoe kofia."

Ouma alimtoa kofia akampaka nywele. Ikawa anafanana na mhubiri mmoja wa Kondele, lakini mhubiri hana polisi.

Tukavipanga vitabu sura mbele, karibu na mlango, badala ya mgongo. Kwanza watu walisimama wakacheka. Halafu mwanafunzi mmoja akaondoka na yule mbuta. Halafu mama wa kutoka Obunga akamchukua yule mwanamke aliyechoka na ndoa, akarudi na rafiki yake. Kabla shule hazijafunguliwa rafu ilikuwa na mapengo, na muhuri wetu wa tarehe ulikuwa unadai wino mpya.

Mkutubi Mkuu aliniita ofisini. Nilienda nikiwa nimevaa kitambaa kizuri kichwani.

"Mama, umenishinda. Watu wanasoma. Walikuwa wanataka sura tu." Akafungua kasha lililofika asubuhi ile, akatoa kitabu cha jalada laini, picha yake inang'aa. "Sasa niambie. Kama watu wanataka sura, kwa nini tunakivua kitabu sura yake, tunaichoma, halafu tunamtafuta Ouma achore nyingine?"

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, yeye alinirudishia tu. Vitabu vipya vikaanza kwenda rafuni moja kwa moja, na kikichakaa kinanunuliwa kingine, kwa kuwa kujalidi kulikuwa ghali kuliko kitabu chenyewe. Chumba changu kikafungwa. Siku walipolibeba shinikizo kwa mkokoteni nililia mbele ya watu, na sikuona haya. Nilipelekwa kwenye meza ya kuazimisha, nikapiga muhuri miaka yote ya tisini.

Mnaniuliza kama nilikuwa na kinyongo. Nilikuwa nacho, na nilikilea vizuri. Kila kitabu kilichorudi kimelegea nilikinyanyua juu ili Mkutubi Mkuu akione kupitia dirisha la ofisi yake. Yeye aliinua mkono kunisalimia.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu alikuja mama mmoja muuza samaki wa Otonglo. Alisimama mbali na meza, kanga imefunika kitu. Nikamwambia sogea, hapa hatuumi watu. Akaweka mbele yangu riwaya nene ya jalada laini, au kilichobaki cha riwaya hiyo: kurasa zote zimeachana, zimepangwa sawasawa, zimefungwa kwa uzi wa nyavu. Ilinuka samaki wa moshi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Kimenifia mkononi. Lakini hakuna ukurasa umepotea, tumehesabu."

"Mmehesabu na nani?"

"Mimi na wenzangu wa sokoni. Mmoja akimaliza ukurasa anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Vile kilikuwa kizima, mtu mmoja tu ndiye alikuwa anasoma, wengine tunangoja."

Nikaufungua uzi. Vidole vyangu vyenyewe vilianza kulinganisha kurasa, kuzigonga mezani zikae sawa, kutafuta pale pa kutoboa. Sindano sikuwa nayo. Nikamuuliza kama wote wamemaliza.

"Bado mmoja, ila tarehe ilikuwa imefika," akasema. "Yule wa mwisho kwenye mstari. Amebakisha mwisho wa hadithi, na sisi tumekatazwa kumwambia."

Nikazifunga tena zile kurasa kwa uzi wake wa nyavu, nikapiga muhuri wa tarehe mpya, nikamrudishia.