Msumari wa Jezi

Glavu za kipa zinazoning'inia sebuleni kwangu hazikuibwa. Nalisema mapema kwa sababu jirani yangu mshonaji huwaambia wateja wake, pini zikiwa midomoni, kwamba marehemu mume wangu alikuwa mshambuliaji, tena wa timu ya makombo; basi glavu za kipa wa taifa alizitoa wapi kama si kuzichomoa stoo?

Nimefundisha lugha miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nianze na neno. Makombo ni kinachobaki watu wakishashiba. Akiba huwekwa kando kabla mtu hajanawa mikono. Mume wangu alichezea kikosi cha akiba cha taifa miaka sita, na akiba haiozi.

Asubuhi alichomelea mageti karakanani, alasiri akaenda mazoezini. Kazi ya kikosi kile mashabiki hawaijui. Wiki ya mechi kubwa, wachezaji wa akiba ndio hugeuka wapinzani: huvaa jezi za rangi ya adui na kucheza mchezo wake, ili kikosi cha kwanza kikikutana na adui, kimwone kama mtu kiliyemzoea.

Wiki ya fainali, winga wa kikosi cha kwanza aliumia goti. Jumatatu mume wangu alirudi na kusimama mlangoni.

“Kocha kasema nafasi ipo. Ila nikiichukua, hakuna mwingine wa mguu wa kushoto wa kumwigiza nahodha wao.”

“Ukamjibuje?”

“Kwamba nitamuuliza mwalimu wangu.”

“Mwalimu wako anasema vua viatu, unamletea matope.”

Alicheka, akavivua. Jezi ya kikosi cha kwanza alikuwa ameingoja miaka sita. Mama mkwe wangu alikwisha kuigongomelea msumari ukutani, na kila akija kututembelea aliufuta vumbi.

Asubuhi yake alikwenda kumwambia kocha nafasi ile ampe mwingine.

Tulitazama mikanda ya video ya yule nahodha hadi nikaijua hata mikunjo ya shingo yake. Siku ya pili mume wangu aliruka kitini. “Mama watoto, tazama soksi!” Kabla ya penalti, akiinama kuvuta soksi, mpira ulikwenda kushoto kwa kipa. Asipoivuta, kulia. Tangu hapo alivuta soksi uani kwangu na kupiga mpira ukutani, mpaka kioo cha jikoni kikavunjika.

“Baba watoto, na hilo dirisha nalo ni la taifa?”

“Lipo kikosi cha kwanza,” akasema, akaenda kutafuta ufagio.

Mazoezini mashabiki walimzomea kwa kuvaa jezi ya adui. Yeye akavuta soksi, akapiga penalti. Kipa, tuliyemwita Komeo, Jumanne alidaka penalti moja kati ya kumi. Ijumaa alidaka nane.

Siku ya fainali tulikaa jukwaani, yeye, mimi na wifi yangu, dada yake. Bwana mmoja nyuma yetu akapaza sauti: “We Makombo! Umekuja kutazama wanaume wakicheza?”

Wifi akageuka. “Tazama mpira, shemeji, kabla sijakutazamisha mimi.”

Tulikuwa tunaongoza moja bila. Dakika ya themanini na tisa, penalti ikatolewa dhidi yetu. Nahodha wao aliweka mpira, akarudi nyuma hatua nne, akainama, akavuta soksi.

“Kushoto kwako, kaka,” mume wangu akasema taratibu, kana kwamba Komeo yuko pembeni yake.

Komeo alikwisha kuruka. Mpira ulimgonga viganjani ukatoka nje, nasi tukawa mabingwa. Sikumbuki nilipiga kelele gani. Wifi anasema si za mwalimu. Bwana wa nyuma alimkumbatia mume wangu kwa nguvu hadi akamrarua kola ya shati nililolipiga pasi mwenyewe.

Kombe lilipokwisha kuinuliwa, Komeo hakwenda kwa wapiga picha. Alikuja mpaka kwenye uzio wetu, akavua glavu zote mbili, akamkabidhi mume wangu mbele ya halaiki. Akanigeukia. “Shemeji, mimi nimekopesha mikono tu. Huyu ndiye aliyedaka.”

Mama mkwe alizitundika mwenyewe kwenye msumari ule. Alisema haukungoja bure.

Jirani yangu anataka shahidi. Yule bwana aliyerarua kola ni mumewe, na kola aliishona yeye, kesho yake, akacheka nami mlangoni pake. Akawaulize sindano yake na mumewe.

Wengine huniuliza kwa nini baada ya fainali mume wangu hakuitwa tena kikosi cha kwanza. Najua kwa nini. Kocha hakupata mwingine wa mguu wa kushoto wa kumwigiza adui.