Maganda ya Mbika

Mbegu zile nilizikula mimi. Zilikuwa mbegu za mbika, jamii ya boga, kutoka kwa mama yangu mdogo wa Wamaza. Zilifungwa ndani ya kipande cha kitenge, zikapanda pikipiki siku nzima, zikafika Kasongo salama ili zipandwe nyuma ya nyumba yetu. Mimi nikazikaanga na chumvi, nikazitafuna zote. Halafu nikapanda maganda.

Kosa si la tumbo peke yake. Mama ndiye aliyeamua kwamba vakansi yangu ya shule ni ya kulima. Goti lake lilikuwa limechoka na njia ya shambani, akataka bustani ya mboga karibu na jiko, bustani ya kwanza katika maisha ya nyumba yetu. Jembe akanipa mimi. Udongo ule ulikuwa mgumu kama uso wa mkuu wa nidhamu wa shule yetu. Nilichimba nikiutukana, ukanijibu kwa kunitolea chupa iliyovunjika, betri za redio na sapatu moja ya mguu wa kushoto. Saa sita mama alikuwa sokoni, sombe, yale majani ya muhogo, haijaiva, na mbegu zilikuwa pale zimenona.

Maganda niliyapanda kwa mistari, mawili mawili kila shimo, kama nilivyoagizwa. Nikayamwagilia siku tisa. Kuna watu wanaosali kwa imani ndogo kuliko ile.

Kila asubuhi mama alipiga goti lake bovu chini kutazama. Siku ya kumi akafukua kwa kidole, akatoa ganda tupu. Akasema kuku wamekula. Kuku walikuwa wa jirani yetu, na kati ya uwanja wake na wetu hakuna ua. Pale ningesema ukweli. Badala yake nilisema hata jana niliwaona, nikatembea kama kuku anayeiba, shingo mbele, matako nyuma. Mama alicheka. Halafu akaenda kugombana.

Jirani yule ndiye mwenye kinu kikubwa. Tangu sijaanza shule, yeye na mama walitwangia sombe humo, michi miwili, kwa zamu, wakisengenya kartie nzima, nyumba kwa nyumba. Mama alisimama katikati ya uwanja, watu wakisikia, akasema kuku wa mwenzake wamelelewa kama watoto wake, bila kulishwa. Jirani hakupandisha sauti.

"Toka siku niliona mutoto wako analima, kuku zangu ziko ndani ya kitunga. Ingia uangalie."

Mama hakuingia. Angeingia, yangeishia hapo. Alibaki amesimama, na aibu ikamtafutia neno baya zaidi.

"Basi kama haiko kuku, iko mutu."

Kwetu neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Mtu anayezuia mbegu za mwenzake zisiote anaitwa jina moja tu, na jina hilo halifutiki kwa sabuni.

Jirani alimpita mama. Akaja mpaka jikoni kwetu, maana kinu siku hiyo kilikuwa kwetu na sombe yetu ndani, nusu imetwangwa. Akaimwaga polepole juu ya ungo wa mama, akafuta kinu kwa kiganja, hata jani moja halikuanguka. Kisha akakibiringisha mpaka kwake. Angeimwaga chini ningemchukia, na kuchukia kungenisaidia.

Kesho yake nilienda kuchota maji. Jirani alikuwa kwenye foleni. Wanawake walikuwa wamesogeza bidon zao mbali na yake, mkono mzima. Mmoja alimvuta mtoto wake kwa shati. Wale wale waliokuwa wakimwazima chumvi. Nilitafuta mzaha wa kusema, maana mimi kila mahali ninao, sikupata hata mmoja. Nilirudi na bidon tupu.

Mama alikuwa anakatakata sombe kwa kisu, kazi ya hasira, majani yanamruka. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, karibu na njia ya kukimbilia. Kwamba haikuwa kuku, wala mtu, ilikuwa mimi. Kwamba chini mle mna maganda tu. Na kwamba kule kwenye maji watu wameanza kumkimbia yule mama.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Aliweka kisu chini. Nilitazama sapatu zake, kwa kuwa ndizo huwa zinanijibu. Hazikutoka mguuni. Alitazama mikono yake ya kijani, akainuka kwa kushika ukuta, akajifunga kitenge upya. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Mimi nilisema yangu mbele ya watu. Kamata bidon, twende ku maji, nawe useme yako mbele ya watu. Na usichekeshe mutu."