Niliulizwa Nimekula Saa Ngapi

Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza mfungo wa siku tatu kanisani kwetu Gitothua, halafu siku ya pili nikatumbukia mtaroni pale sokoni na kuvunjika kifundo cha mguu. Mama Njeri, mwenyekiti wa kikundi cha maombi, akanileta hospitali Thika na akakataa kabisa kungoja nje. Kwani yeye ni mke wangu?

Daktari akasema mfupa lazima urudishwe. "Tukudunge ya usingizi usisikie chochote, ama ganzi ya kifundo tu, ukae macho?"

"Usingizi!"

"Umekula saa ngapi?"

Mama Njeri akanijibia. "Hajaonja kitu tangu jana, daktari. Tumefunga."

"Vizuri. Tumbo likijaa, anaweza kutapika chakula kiingie kwa mapafu, afe."

Si angeanza na hiyo! Sindano ilikuwa tayari mkononi.

"Daktari, leo pale sokoni nimekula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama," nikanong'ona.

"Mutura kiasi gani?" akauliza, wodi nzima ikasikia.

"Vipande sita. Na supu."

"Basi ni ganzi. Utakaa macho."

Mama Njeri akavuta kiti karibu. "Ngai! Na asubuhi si ni wewe ulimfokea shosho Wambui, bibi mzee vile, kwa kumeza dawa ya presha na chai?"