Mkanda wa Mwaka wa Kipindupindu

Mwaka kipindupindu kilipoingia kwetu nilikuwa mpiga picha wa wafanyakazi wa mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Niliwapiga madereva wakiwa wameegemea matairi ya kombaini, nikajiona fundi kweli. Ugonjwa ulipofunga minada na vilabu vya pombe, kazi ikafa. Nikarudi nyumbani Maretadu na kamera yenye mkanda mmoja tu. Miaka ile mikanda ya picha ilikuwa haipatikani hata Arusha, labda umjue mtu.

Mama alikuwa amemwosha jirani aliyefariki, kabla bwana afya hajafika kukataza. Basi akajitenga. Kwetu nyumba iliyofikwa na jambo zito hukaa peke yake: haipeani mikono na watu, haichangii njia wala kisima, na hakuna anayeona ajabu. Bwana afya alipokuja na hotuba yake ndefu ya kutosogeleana, mama alimsikiliza kwa adabu kutoka mlangoni, kama mtu anayefundishwa kukamua ng'ombe wake mwenyewe.

Kila asubuhi nilisimama nje ya ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisogee."

Niliacha chakula na maji yaliyochemshwa juu ya jiwe, nikarudi nyuma, ndipo akatoka kuchukua. Niliogopa sana. Siku akichelewa kuitikia, nilimwita tena na tena.

Siku moja nikamwelekezea kamera. Akajifunika uso kwa khanga.

"Sivyo hivi. Nikitoka nitavaa, nitakaa, ndipo unipige."

Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Nikamwahidi kwamba ya mwisho katika mkanda ule ni yake.

Ili woga usinimalize, nikawa natembea na kupiga mahali patupu. Uwanja wa mnada na nguzo za kufungia ng'ombe. Kanisa lililofungwa, mabenchi yameanikwa nje. Barabara ya Endagikot bila hata punda. Siku zote nilikuwa nikifoka watu wapishe, wasiniharibie picha. Sasa hawakuwepo, nikaona kumbe barabara ina sura yake. Nilipenda ule ukimya, na naona aibu kusema hivyo, maana watu walikuwa wanakufa. Asubuhi moja ukungu ulijaa uwanjani mwa mnada hadi kiunoni, mbuzi mmoja akakatiza katikati. Ilikuwa imebaki picha moja. Nikapiga.

Mama hakuugua. Siku ya kutoka alijipaka mafuta, akavaa gauni la Krismasi, akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono magotini. Sikuweza kumwambia. Nikamwelekezea kamera isiyo na nafasi hata moja, nikajifanya nabonyeza. Mdomoni nikatoa mlio, "kacha," kama mtoto anayecheza. Mama akatabasamu.

Minada ilipofunguliwa, dereva mmoja wa lori alinipelekea mkanda Arusha kusafishwa. Picha ziliporudi, mama alizipitia moja moja, akazirudia.

"Na mimi niko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakugomba.

"Kumbe ulinikalisha bure," akasema, akaenda kufungulia ndama.

Miezi iliyofuata alinipa chakula na kuitikia shikamoo yangu, lakini habari za kazi yangu hakuuliza tena. Heri angenichapa.

Mavuno ya ngano yaliyofuata nikapata mkanda. Nikapiga karibu kambi nzima ya wavunaji, wengine wamevaa mashati ya kuazima ili picha ziende kwa wake zao. Kisha nikapanda Maretadu na nafasi chache nilizombakizia mama. Akavaa, akakaa kwenye kigoda. Nilipoinua kamera, akanyoosha mkono.

"Fungua kwanza, nione kama umo."

Nikamweleza kwamba jua likiingia, picha zote nilizokwisha kupiga zitaungua, zipone tu zile nafasi zake zilizobaki ndani ya kopo la mkanda, na kule kambini sitakuwa na uso wa kuwatazama watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono hakuushusha.

Nikafungua. Mama akainama, akautazama mkanda kwa makini, akaugusa kwa ncha ya kidole. Kisha akanyoosha mgongo na kurudisha mikono magotini.

"Haya," akasema. "Sasa piga."