Shanta Mgongoni Kisiwa Kizima

Mvua ya mawe ndiyo iliyotupeleka kisiwani. Uhuru ulikuwa bado mpya, na ndoa yetu pia. Tuliishi kwa baba yangu, karibu na Nyaramba. Asubuhi moja shamba letu la wimbi lilikuwa limelala chini kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Mke wangu alilitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mimi najua kutia meno mawe. Twende mahali ambako mashine ya kusaga haijafika."

Jiwe la kusagia likitumika sana huwa laini kama kiganja, na unga hautoki vizuri. Hapo hugongwa kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka uso wake ukwaruze tena. Kwao mke wangu, mama yake ndiye aliyeifanya kazi hiyo, naye akamfundisha. Lakini huku kwetu mashine ilikuwa imefika sokoni, na mawe yalikaa uani yakipandwa na kuku.

Jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za ziwani alitutajia kisiwa cha Mfangano. Huko, alisema, kila nyumba bado inasaga kwa mkono.

Shida ilikuwa lugha. Kule hawasemi Ekegusii, lugha yetu, na kati yetu sisi wawili mimi tu ndiye niliyejua Kiswahili, kile cha shule ya msingi. Nami nilikuwa mtu wa haya. Kanisani nilikaa karibu na mlango ili nitoke kabla ya salamu.

Tulipoondoka, mjomba wangu aliyekuwa askari zamani alitupa shanta lake la vitani, la kaki, lenye mikanda miwili ya mabegani. Baba alinipa fimbo. "Mwanamume hutangulia na fimbo," alisema. "Mzigo atabeba mke wako." Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hakuna aliyeuliza. Mke wangu akalitwika shanta kichwani, mikanda ikining'inia masikioni mwake kama hereni.

Kisiwa kile ni mlima uliosimama majini. Tulikizunguka boma baada ya boma, ziwa likiwa daima upande mmoja na majabali upande mwingine. Kwenye kila lango mimi ndiye niliyepiga hodi. Mara ya kwanza sauti yangu haikumfikia hata mbwa. Mke wangu alinisukuma kwa kiwiko. "Momura," aliniambia, kama tunavyomwita kijana kwetu, "hao hawali watu. Sema tena."

Nikasema tena. Hakukosekana mtu aliyewahi kufanya kazi Kisumu au Kericho, na huyo ndiye aliyeeleza wengine. Mke wangu alipiga magoti, akagonga jiwe tangu asubuhi, nami nikajibu maswali: tumetoka wapi, kwetu kuna baridi kiasi gani, kwa nini hatufanyi kazi siku ya Sabato. Tulilipwa chakula, mahali pa kulala na samaki wakavu.

Kisha mikono yake ikavimba. Asubuhi moja alishindwa kuinua sufuria. Niliweka fimbo chini, nikavaa shanta mgongoni jinsi mjomba alivyokuwa akilivaa, kisha nikaiokota fimbo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

"Na ukionekana?"

"Na nani? Hapa hawanijui."

Tangu siku hiyo shanta likawa langu. Tulikaa kule msimu mzima. Mwishoni watu walikuwa wakituita kutoka ng'ambo ya bonde, nami nikiwaitikia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Tulivuka ziwa kwa mashua, tukarudi kwa miguu, shanta limejaa samaki. Tulipofika Nyakoe tukaanza kusikia Ekegusii pande zote, na mke wangu akasimama. "Nipe sasa."

"Mikono yako haijapona."

"Haijapona, lakini hawa ni watu wetu. Leo ni siku ya soko nyumbani, na baba yako atakuwepo. Watakucheka mpaka uzeeke."

Nilijua ni kweli. Nilimwambia nitaamua tukifika.

Tulipoingia soko la Nyaramba, wauza ndizi ndio waliotuona kwanza. "Mama, umenunua punda huko ziwani?" mmoja aliuliza. Mwingine akasema, "Na punda mwenyewe ana fimbo!" Mke wangu aliinamisha kichwa, akaficha mikono ndani ya leso.

Kwenye baraza ya duka walikaa wazee, baba yangu kati yao. Rafiki yake mmoja akamgusa bega. "Huyu si mwanao? Mwambie ashushe huo mzigo, asije akajifungua njiani."

Wote walicheka. Baba alitazama viatu vyake.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Badala yake nilisimama mbele ya baraza, nikasema kwa sauti ile ya kupigia hodi: "Mzigo huu nimezunguka nao kisiwa kizima. Mikono ya mke wangu ndiyo iliyoujaza. Akibeba yeye, nani atagonga mawe?" Nikamgeukia. "Waonyeshe."

Alisita, kisha akaitoa mikono. Wanawake waliacha ndizi zao, wakaja kuvitazama viganja, jinsi vilivyopasuka na kuota sugu.

"Hii ni mikono au majembe?" alisema yule wa kwanza aliyetaja punda, taratibu. Kisha akamgeukia rafiki wa baba, ambaye kumbe alikuwa mumewe. "Na wewe, mkungu wangu mmoja tu umewahi kunibebea lini?"

Sasa kicheko kikamwangukia yeye.

Baba aliinuka, akanijia, akaichukua fimbo mkononi mwangu. "Huwezi kushika vyote," alisema, akatangulia kushika njia ya nyumbani. Mimi nilifuata na shanta, mke wangu kando yangu, mikono yake mitupu ikipunga hewani.

Jioni nilikwenda nyuma ya ghala kutafuta kuni. Nilimkuta baba amesimama peke yake, amevaa lile shanta tupu, akivuta mikanda ili ikae sawa mabegani. Nilirudi kinyumenyume, asinione.