Noti ya Chini ya Redio

Kila asubuhi kwa miaka tisa, kabla ya kuvaa viatu, fundi wa saa aliyekuwa jirani yangu aliweka noti moja nyekundu chini ya redio. Hayo ndiyo yalikuwa matumizi ya nyumba. Aliinua redio kwa mkono wa kushoto, akaisukuma noti hadi ikabaki pembe moja tu inayoonekana, akaishusha redio, akaenda kazini. Mkewe akimaliza kufagia, aliivuta ile noti, akachukua kikapu, na siku yake ikaanza.

Tulimwita Fundi Dakika, kwa sababu mteja yeyote aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa "dakika moja tu", hata kama ilichukua wiki. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo kisichozidi upana wa kabati, kwenye kona ya jengo la maduka, lenzi jichoni, kibano mkononi. Zamani watu walipanga foleni pale. Saa ilikuwa mali. Baba alimwachia mwanawe, na mwana aliitunza. Siku hizi mtu akitaka kujua saa anatoa simu mfukoni, na fundi akibadilisha betri mbili kwa siku anashukuru. Hilo la betri mbili hakumwambia mtu yeyote nyumbani.

Mkewe alikuwa ameomba nyongeza mara tatu. Mara ya kwanza fundi alisema ataangalia. Mara ya pili alijifanya hakusikia. Mara ya tatu alitoka nje akavuta sigara, na mtu huyu hakuwa mvutaji.

Mara ya nne ilikuwa Jumapili mchana. Chakula kilikuwa mezani, na binti yao wa mwisho, msichana wa miaka kumi na nne, ameketi kati yao. Dirisha lao na langu yanatazamana, kwa hiyo niliyoyasikia sikuyaiba.

"Baba, noti haifiki tena jioni," mkewe alisema. "Inaishia kwenye unga na mkaa."

"Haifiki, au inafikishwa kwingine?"

"Kwingine wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mama yangu alilisha watu tisa kwa nusu ya hiyo. Sisi tuko watatu. Pesa hii kuna mtu anaimeza."

Kijiko cha binti kilisimama juu ya sahani. Mama yake hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Naimeza mimi," alisema. "Haya. Shika kikapu wewe, siku saba. Noti ileile, nyumba ileile. Ikitosha, nitarudi nipige magoti hapa mbele ya mtoto niombe radhi. Isipotosha, usinitumie mtu wala simu. Uje mwenyewe. Na hayo maneno utarudi kuyala hapohapo ulipoyatapika."

Akatia nguo mbili tatu kwenye mkoba, akaenda kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji. Fundi alimsindikiza kwa macho tu. Nadhani alikuwa na hakika kabisa kwamba atashinda. Mtu aliyezoea kusahihisha saa inayopoteza sekunde nne kwa siku haamini kwamba kuna kinachoweza kumpita.

Jumatatu asubuhi alitokea kwa Mama Mizani na kikapu mkononi. Mama Mizani ndiye mwenye duka la mtaa wetu, mwanamke mnene mwenye ulimi usiopumzika.

"Fundi! Kikapu kimekupendeza. Umeolewa lini, hata mwaliko hatukupata?"

"Dakika moja tu, mama. Wiki hii nawafundisha kubana matumizi."

"Tufundishe, baba. Tumekaa kitako."

Niseme kidogo kuhusu lile duka. Kulikuwa na wakati ambapo mizani ilikuwapo kweli. Baba mkwe wa huyu mama alichota sukari guniani, akaipima, akaifunga kwenye karatasi ya gazeti, na hakuiachilia kabla ya kuongeza chembe mbili tatu za kuinamisha mizani upande wa mteja. Nyongeza ile haikumtajirisha mtu. Ilikuwa heshima tu, na ndiyo iliyomfanya mteja arudi kesho. Mizani ile iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jina ndilo lililobaki. Sasa kila kitu kinafika kikiwa kimeshafungwa: sukari ya chai ya asubuhi moja, mafuta ya kukaangia mara moja, sabuni ya kufulia ndoo moja. Vipakiti vimening'inia mlangoni kama mavazi ya mtoto. Mwenye pesa ananunua gunia na dumu, anakaa mwezi mzima hana habari. Asiye nazo ananunua vipakiti, na ukivijumlisha vipakiti vyake vya mwezi, amelipa zaidi ya mwenye gunia. Nimelisema hili kwa watu wengi. Wananiambia mzee, mambo yamebadilika. Kama vile kubadilika peke yake ni jibu.

Siku hiyo ya kwanza fundi alinunua kilo ya unga, nyanya nne, majani ya chai, kipakiti cha sukari na kimoja cha mafuta. Alipofika kwa muuza mkaa, mfukoni alikuwa na sarafu moja. Alijiambia ni kwa sababu ni siku ya kwanza. Jumanne alijiambia ni kwa sababu alisahau sabuni Jumatatu.

Jumatano alitaka kumwonyesha binti kwamba mtu mwenye hesabu anaweza hata kula vizuri. Akabana hapa, akabana pale, hakunywa chai ya saa nne, akanunua kopo dogo la siagi ya kupaka mkate. Alilipeleka kwanza kibandani, akaliweka kwenye rafu karibu na makopo yake ya skrubu. Yale makopo ya skrubu nayo yalikuwa ya siagi hiyohiyo, ya miaka ile watoto wake wakubwa walipokuwa bado nyumbani. Ng'ombe yuleyule, kengele ileile shingoni, maandishi yaleyale ya "kopo dogo".

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda cha wateja, kwa kuwa sina pa kwenda siku hizi. Akashusha kopo moja la zamani, akamimina skrubu zote juu ya gazeti. Akalichukua lile jipya, akaliingiza ndani ya la zamani. Likazama. Likazama lote mpaka ng'ombe akapotea, na pembeni ikabaki nafasi ya kupitisha kidole.

"Mzee," aliniambia, "bei haikupungua."

"Haikupungua."

"Waliipunguza siagi."

"Siagi, sabuni, viberiti. Hesabu njiti uone."

Alikaa hivyo kwa muda, lenzi bado iko jichoni, anatazama kopo ndani ya kopo. Nilidhani atafunga kibanda amfuate mkewe saa ileile. Kiburi ni kitu kigumu. Alizirudisha skrubu moja moja, akasema huo ni wizi wa viwanda, yeye anazungumzia wizi wa nyumbani.

Alhamisi mafuta yalimshinda. Kipakiti kimoja kilikwisha kabla hata kitunguu hakijageuka rangi. Akakumbuka kwamba mkewe alikuwa akimimina mafuta bila kupima, na chupa jikoni haikuwahi kukauka. Akaona sasa amemkamata. Akaenda dukani kifua mbele.

"Mama Mizani, nieleze. Mke wangu hununua mafuta kiasi gani kwa wiki?"

"Mkeo hanunui mafuta."

"Ala! Basi anayatoa wapi?"

Mama Mizani aliweka chini alichokuwa amekishika. "Fundi, wewe unaishi nyumba gani? Mkeo ananichambulia maharage. Gunia zima kila wiki, mawe huku, yaliyotobolewa huku. Namlipa mafuta, na sukari kidogo. Huu mwaka wa sita."

Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi hakuweza kujizuia. "Labda alifikiri kuna kisima cha mafuta jikoni."

Wakacheka. Fundi hakucheka.

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia ungeiongeza ile noti," Mama Mizani alisema polepole, "au ungeipunguza?"

Ijumaa mchana alifunga kibanda, akaketi nyuma ya duka kwenye gunia tupu, akachambua maharage. Hakumwambia mtu kwa nini, na safari hii hakuna aliyemuuliza. Alifanya kama anavyofanya saa: aliokota harage moja, akaligeuza, akalitazama upande huu na upande huu, akaliweka.

"Fundi, hilo ni jiwe au almasi?" Mama Mizani alimtania. "Kwa mwendo huo tutakula mwakani."

Ijumaa na Jumamosi zote mbili alimaliza ndoo moja na nusu. Mgongo ulimkakamaa, akawa anatembea ameshika kiuno. Mama Mizani alimpimia mafuta robo kikombe, akamwambia, bila utani sasa, kwamba mkewe kwa siku mbili anamaliza mara nne ya hiyo, na akitoka hapo anakwenda kupika.

Jumapili asubuhi, siku ya saba, mikono mitupu, fundi alikwenda kwa shemeji yake. Mengine haya alinisimulia mwenyewe, siku nyingi baadaye, bila kunitazama usoni.

Shemeji alimfungulia mlango, akaweka kidole mdomoni.

"Karibu, shemeji. Ila usimwamshe."

"Saa nne hii bado amelala?"

"Wiki nzima analala. Anaamka, anakula, anarudi kulala. Nilidhani mgonjwa, nikataka kumpeleka hospitali. Akaniambia, dada, siumwi, nimechoka tu."

Fundi akakaa kwenye kiti, kofia magotini. Shemeji alimletea chai, akamwacha. Ilipita zaidi ya saa nzima. Mkewe alipotoka chumbani, uso ulikuwa na alama za mto, na fundi anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona bila kikapu, bila ufagio, bila kitu chochote mkononi.

"Imetosha?" mkewe alimuuliza kabla ya salamu.

"Haikutosha hata siku moja."

"Nani aliimeza?"

"Hakuna aliyeimeza. Ni ndogo." Akaigeuza kofia mkononi. "Na sina ya kuongeza, mama. Betri mbili kwa siku. Mwaka wa nne sasa."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nikienda sokoni napita kule nyuma ya jengo. Nakuona umekaa unafuta vioo visivyo na vumbi."

"Ulijua, na bado ukaniomba nyongeza mara nne?"

"Nilitaka useme huna." Akaketi, kama vile kusimama nako ni kazi. "Mtu akisema sina, tunakaa, tunapanga. Wewe ukasema mwizi."

Fundi akainuka, akasema, "Twende nyumbani."

"Nitakuja. Sio leo."

"Nimekuja mwenyewe kama ulivyotaka."

"Nimeona. Na sina hasira, usidhani nina hasira. Nipe siku tatu nyingine. Hapa naamka sifikirii mchana tutakula nini. Hujui hilo lina utamu gani." Kisha akaongeza, "Na radhi usiniombe mimi. Kaseme kwa mtoto."

Alirudi kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, kuokoa nauli. Jioni ile nilimsikia tena dirishani. Walikuwa wanakula wali mkavu, yeye na binti.

"Lile neno nililosema Jumapili iliyopita," alianza, akakohoa. "Kuhusu mama yako na pesa. Nilikosea. Hakuna pesa aliyoimeza. Yeye ndiye alikuwa anaongeza."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Maharage. Nikitoka shule nilikuwa namsaidia."

Nikasikia kijiko tu.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ningesema, ungesema na mimi naimeza."

Zamani, mtoto wa miaka kumi na nne hakuwa na sababu ya kujua baba yake ana shilingi ngapi mfukoni, na baba hakuwa na sababu ya kumwogopa mtoto wake mezani. Siku hizi watoto wanazijua bei zote, na ndio wanaotuficha sisi mambo.

Mama yake alirudi siku ya nne, akaja na mkoba uleule. Fundi alikuwa kibandani. Aliuweka mkoba kitandani, akapita jikoni, akafunua makopo moja baada ya jingine, akanusa maziwa, akayamwaga. Kisha akamwita binti, akamuuliza chumvi iko wapi. Binti akasema iliisha tangu juzi, walikuwa wanakula bila chumvi, noti haikuifikia na baba aliona haya kukopa.

Akavaa viatu tena, akatoka kwenda kununua.